Kadi Isiyo na Mume

Nairobi, 4 Februari 1973

Wifi Bitutu,

Barua hii ikukute ukiwa na afya, na Mama pia, na mguu wake uwe umepungua kuuma. Mimi nipo. Kifua kilinibana juma lililopita kwa sababu chumba cha kompyuta hupozwa mchana kutwa. Hapa mashine hutunzwa kuliko watu, nasi tunavaa sweta wakati nje jua linawaka. Mwambie Mama nimepata kanisa la karibu, na kwamba Sabato mimi hukaa kiti cha nyuma kama yeye.

Nimefikiri sana kabla ya kukuita wifi. Tumeonana mara moja tu, siku ulipoletwa kutoka Suneka ukakaa jikoni umeinamisha kichwa, nami nilikuwa na safari. Wewe ni mke wa kaka yangu, na kaka yangu hakuzaliwa. Mama hakupata mtoto wa kiume. Ng'ombe alioleta mzee Angwenyi ili mimi niolewe na mwanawe Cleophas hawakukaa sana kwetu. Walipelekwa kwa baba yako, ukaja kuwa mke wa nyumba, uzae watoto wa nyumba hiyo ili boma la marehemu Baba lisije likaingia mikononi mwa Baba mdogo Ishmael. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu sijawahi kuyaandika, na nataka kuona yanakaaje kwenye karatasi.

Sasa nina shida ya kazi, na hapa sina wa kumuuliza. Tunahesabu nyumba za wakulima wa Kisii yote, ili ijulikane miche ya chai ipelekwe wapi. Kila mtu ni kadi moja yenye matundu. Mimi ndiye niliyeandika programu, yaani maagizo ambayo mashine inayafuata. Niliiagiza hivi: ukikuta kadi ya mke, tafuta kadi ya mume wake katika nyumba hiyo hiyo, usipoiona, rudi mwanzo utafute tena. Juzi mashine ilianza saa tatu asubuhi, na hadi saa nane haikuwa imetoa hata mstari mmoja. Mkubwa wangu, Bwana Otiende, ni mtu wa ziwani na hapendi kunyamaza. Alisimama nyuma yangu akaniita binti wa Kisii kwa lugha yao, "Nyar Kisii, mashine yako inatafuta mume tangu asubuhi. Hata wewe hujatafuta namna hiyo."

Wote walicheka. Nami nilicheka. Nilipoizima na kuitafuta kadi iliyoikwamisha, nikaona ni nyumba ya Nyamarambe: mama mkuu wa nyumba, mke wa mwana, na mwana hayupo. Kisha nyingine, na nyingine. Ni nyumba kama yetu, wifi. Niambie, karani wa kuhesabu alipokuja kwetu aliuliza nini, na Mama alijibu nini?

Wako,
Bonareri


Nyamira, 11 Machi 1973

Wifi Bonareri,

Salamu zako nilizipokea na nikamfikishia Mama. Mguu umepungua lakini hataki kukubali, kwa sababu ukipona atakosa la kumlaumu daktari. Mvua imeanza na mahindi tumepanda. Ng'ombe wa maziwa amezaa ndama jike. Nimechelewa kujibu kwa sababu stempu zilikuwa zimekwisha posta, halafu zilipokuja mimi sikuwa na la kusema, halafu nikawa nalo.

Endelea kuniandikia Kiswahili. Ukiandika Kigusii, Baba mdogo Ishmael ataisoma kabla yangu. Kiswahili chake ni cha kununulia ng'ombe tu, barua ndefu humchosha.

Karani alikuwa mwalimu Ongeri, unamjua, yule mwenye baiskeli. Alikaa kwenye kigoda, Mama akichambua maharagwe. Akauliza, "Mkuu wa nyumba ni nani?"

"Unamwona."

"Na huyu?"

"Mke wa mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?"

Mama hakuinua macho. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa. Mama yako tulikuwa tukichota maji pamoja. Unaniuliza kama mtu aliyeshuka leo kutoka kwenye ndege?"

Ongeri akaona haya. Ilibidi apate jibu la kuandika, na hangeweza kumwandika mwanamke kama Mama kuwa hana mwana huku mkwe wake anamchemshia chai. Nilipompa kikombe nikaona alichoandika: Nyangate, miaka ishirini na sita, yuko safarini.

Basi mimi ni mke wa Nyangate. Jina ni zuri. Hakuniambia anarudi lini.

Hapa watu wanaulizia harusi yako. Mimi nawaambia masomo. Wananiuliza masomo gani ambayo hayaishi. Nawaambia ya mashine.

Wako,
Bitutu


Nairobi, 2 Aprili 1973

Wifi Bitutu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama ngazini, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniangalia. Pole kwa kazi ya kupanda. Mpapase ndama kwa niaba yangu. Hapa mvua inanyesha upande mmoja wa barabara, upande mwingine watu wanatembea wakavu, na ninakaa na wasichana wawili wa Machakos ambao ni wapole na wana wageni wengi. Wageni wao wakija mimi hutoka nikatembea.

Umenisaidia kuliko unavyojua. Nilidhani kosa ni moja, kumbe kila karani alificha aibu kwa njia yake. Wengine, kama Ongeri, walitoa mwana ambaye hayupo. Nilipochapa orodha ya vijana wa wilaya, nilikuta wanaume ambao hawana shule, hawana kazi, hawana shamba, wote wako safarini. Bwana Otiende alisema hao ndio wanaume bora zaidi nchini, kwa sababu hawali.

Wengine waliacha nafasi tupu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na limenichukua siku nyingi kuliona. Mashine yetu ikikuta nafasi tupu kwenye kadi huisoma kama sifuri. Kwenye mstari wa watoto wa kiume, mama aliyesema "sina" na mama ambaye karani aliogopa kumuuliza walitoka sawasawa. Lakini si sawasawa. Sifuri ni jibu. Nafasi tupu maana yake ni kwamba mtu hakuulizwa. Sasa nimeiagiza mashine iangalie kwanza kama pana tundu lolote, ndipo ihesabu. Pasipo na tundu, isijifanye inajua.

Lile la kutafuta bila mwisho nimelitibu nusu. Ikifika kadi ya mwisho ya nyumba bila kumwona mume, inasimama na kuniletea kadi hiyo. Bwana Otiende anataka kadi hizo zitupwe, maana ni chache. Au, akasema, "Wape waume. Mashine haidai harusi." Nikamwambia zikitupwa, nyumba hizo hazitapata mche hata mmoja. Akaniuliza kwa nini nimekasirika. Nikasema sijakasirika.

Kuhusu watu wanaouliza, waambie masomo.

Wako,
Bonareri


Nyamira, 20 Juni 1973

Wifi Bonareri,

Usiudhike kwa kimya. Mama hajambo. Palizi imekwisha. Ndama amepata jina lako, usicheke, ni kwa sababu hakai nyumbani.

Mzee Angwenyi alikuja na wazee wenzake. Hawakuja kwa ubaya. Walikunywa uji, wakasifu migomba, ndipo wakasema Cleophas ana nyumba ya mabati tayari kule Mosocho na kazi ya afisi Kisii mjini, na kwamba mtu hawezi kungojea kama anayengojea mgonjwa. Harusi iwe kabla ya mavuno, au ng'ombe warudi. Baba mdogo Ishmael alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakusema neno, lakini alikuwa anapima boma kwa macho, kutoka ua hadi kijito.

Unajua maana yake, lakini nitaandika kama wewe ulivyoandika, tuone yanakaaje. Ng'ombe wakirudi kwa Angwenyi, lazima watoke kwa baba yangu. Baba hana, kwa sababu waliondoka tena kaka yangu Obadiah alipooa. Atawatafuta kokote, na siku atakapowapata mimi sitakuwa tena mke wa nyumba hii. Nitarudi Suneka. Nikizaa kabla ya hapo, itabidi wabishane mtoto ni wa nani.

Na nitazaa. Gauni langu halifungi, navaa la Mama. Baba yake ni nani haiulizwi hapa kwetu, nawe usiulize. Ni mtoto wa nyumba, kama nyumba itakuwepo.

Mama hanitumi nikuandikie haya. Yeye husema, "Bonareri ana akili, atajua." Halafu anakaa nje anaangalia barabara. Kanisani bado anakaa nyuma, tangu walipomwondoa katika ushirika kwa sababu ya kunileta niwe mke wa nyumba. Huimba kwa sauti kuliko wote walio mbele.

Bitutu


Nairobi, 9 Septemba 1973

Wifi Bitutu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Natumaini uzito ulionao haukuchoshi sana na kwamba Mama hakuachi uchote maji. Nimetuma kitambaa cha flaneli kwa mkono wa mwalimu Ongeri, aliyekuja mkutanoni. Nilimwuliza kuhusu Nyangate. Aliona haya tena.

Cleophas alikuja Nairobi mwezi wa saba. Tulikunywa chai katika hoteli iliyo mkabala na stesheni. Alivaa tai. Ni mtu mwema, Bitutu, na hilo lilifanya iwe vigumu. Aliniuliza, "Umepata mwingine?"

"Hapana."

"Nina kasoro gani?"

"Huna."

"Basi?"

Nilimwambia kwamba ninapokuwa na tatizo ambalo halijafunguka, mimi hulala nalo na kuamka nalo, nalo ndilo linalonifanya nijisikie niko mahali fulani. Na kwamba nikijiona Mosocho katika nyumba ya mabati, simwoni mtu ndani. Akasema, "Ungesema kabla ya ng'ombe." Ni kweli. Akalipa chai, tukaagana kwa mkono.

Sasa sikiliza. Ng'ombe wa baba yako hawataguswa. Nimemwandikia mzee Angwenyi, naye amekubali mbele ya wazee wake: atalipwa ng'ombe kwa ng'ombe kutoka soko la Keroka, nami ndiye nitakayelipa. Nimekopa kazini. Itabidi nikae hapa miaka na nifanye kazi ya zamu, na nimehamia chumba kidogo zaidi, ambamo nakaa peke yangu. Lakini wakiisha kulipwa, ng'ombe waliokuleta watakuwa wangu. Wala si wa Cleophas wala wa mtu aliye safarini. Hakuna atakayekuondoa katika nyumba hiyo.

Na programu imekamilika. Niliacha kuwatafuta waume. Nimeongeza namba moja katika safu ya uhusiano, ambayo haikuwepo: mke wa nyumba. Mashine ikiikuta haitafuti mtu. Inamhesabu yeye na watoto wake na shamba lao, kisha inaendelea. Bwana Otiende aliisoma karatasi yote bila mzaha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema, "Iache. Wakubwa wakiuliza, siku hiyo mimi nilikuwa naumwa." Mashine ilimaliza wilaya nzima kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyemfikiria ni wewe.

Wako,
Bonareri


Nyamira, 16 Desemba 1973

Wifi Bonareri,

Tumepokea kitambaa. Mama anakusalimu, na wote wa kwa Baba mdogo. Mahindi tumevuna vizuri kuliko mwaka jana.

Mtoto ni wa kiume. Alizaliwa mwezi wa kumi bila taabu nyingi. Zahanati waliniuliza jina la baba. Nilisema andika Bonareri. Muuguzi akasema hilo ni jina la mwanamke. Nikamwambia ng'ombe ni wake. Akacheka akaandika. Mama amemwita mtoto jina la baba yenu.

Ng'ombe wa kwanza walipita barabara kuu kwenda kwa Angwenyi, watu wakatoka kuangalia. Mama aliimba akiwa amesimama getini. Baba mdogo Ishmael alisema soko la Keroka limepandisha bei, akaenda zake. Umefanya jambo ambalo hakuna mwana angelifanya, watu wanasema hivyo, na mimi nasema hivyo.

Sasa nitasema lingine, na ukiudhika, udhike.

Tangu Angwenyi alipokuja mwezi wa sita, nguo zangu zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku. Mama alidhani ni hofu. Labda nawe ungedhani hivyo, lakini haikuwa hofu. Nilikuwa nikifika mlangoni na kusikiliza kama wazee wanakuja. Nililetwa hapa nikiwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nimepata nafasi ya kujifunza cherehani kwa masista, baba akasema cherehani itangoja. Mama Mong'ina, mama yako, ni mwema kwangu. Lakini hapa jioni tunakaa wawili, yeye anangojea wewe, na mimi sijui nangojea nani. Nyangate.

Wewe uliniuliza mwalimu Ongeri alisema nini, Mama alijibu nini, kadi ilikuwaje. Nilikujibu yote. Halafu ukauza miaka yako ili nisiondoke. Uliniandikia kwamba nafasi tupu maana yake ni mtu hakuulizwa, na kwamba mashine yako huisoma kama jibu. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi.

Sisemi ningeondoka. Sijui. Nasema hukuniuliza.

Bitutu


Nairobi, 3 Januari 1974

Wifi Bitutu,

Salamu kwako na kwa mtoto, na kwa Mama. Mimi ni mzima.

Krismasi nilikaa chumbani. Barua yako ilikuwa mezani na niliizunguka kama mtu anayezunguka shimo. Nilitafuta mahali ambapo ungekuwa umekosea, na hapakuwa. Nilitumia mwaka mzima kuifundisha mashine isijifanye inajua, na jibu lako mimi nilikuwa nimeliandika mwenyewe.

Nakuuliza sasa. Unataka kukaa au unataka kuondoka?

Ukitaka kuondoka, baba yako hatadaiwa. Ng'ombe ni wangu, na mimi siwataki. Nimeandika hivyo kwenye karatasi nyingine iliyomo humu, kwa Kigusii, ili Baba mdogo Ishmael aisome mwenyewe hadharani. Ukiamua kuondoka, Mama nitamwambia mimi, uso kwa uso, sitakuachia wewe kazi hiyo. Usiniangalie mimi wala deni. Hilo nililichukua kabla ya kukuuliza, kwa hiyo si lako.

Chukua muda wako. Sitakuandikia mpaka unijibu.

Bonareri


Nyamira, 26 Mei 1974

Wifi Bonareri,

Mama ni mzima. Miche ya chai imefika. Tulipewa kama nyumba nyingine zote, na mwalimu Ongeri ndiye aliyekuja kuandika. Safari hii aliniuliza mimi mkuu wa shamba ni nani, mimi na si Mama, na akangojea nijibu. Mtoto anatambaa. Amekula udongo wa shimo la mche wa kwanza.

Nimechukua muda. Karatasi yako ya Kigusii ilisomwa. Baba mdogo Ishmael aliisoma kwa sauti hadi katikati, sauti ikampotea, Mama akamwambia amalize. Siku iliyofuata alinipa pesa za kwenda Suneka kuwaona watu wetu. Akanishika mkono getini akasema, "Sanduku lako ni zito?" Nikasema si zito. Akasema, "Uchukue na la mtoto."

Nilikaa Suneka majuma matatu. Nilikwenda kwa masista, cherehani bado zipo, huchukua wanafunzi kila mwezi wa kwanza. Kwetu walinikaribisha vizuri, na nikaona nimekuwa mgeni. Mke wa Obadiah alinipa kiti. Nilikuwa nikiamka asubuhi najiuliza kama Mama amefika kijitoni peke yake na mguu ule.

Nilirudi. Hakuna aliyeniita. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho, alisogea tu kigodani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nitakaa mpaka chai ishike na mtoto atembee vizuri. Mwezi wa kwanza nataka kwenda kujifunza cherehani, na mtoto akae na Mama, na wewe uje likizo yako yote uwasaidie. Ukija tutakaa jikoni pamoja, nami safari hii sitainamisha kichwa. Halafu, tukiwa hapo, uniulize tena. Swali hili haliishi kwa kujibiwa mara moja.

Na mimi pia nina la kukuuliza, kwa sababu naona hakuna aliyewahi. Huko kwenye chumba chako kidogo, unataka kukaa?

Wifi yako,
Bitutu